Skrini mbili, tundu moja: yaliyonipeleka Nakuru

Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya jambo jingine kabisa, lakini mpwa wangu alinipigia simu usiku wa Ijumaa na mambo yakageuka. "Mjomba," akasema, "nimenunua doki, nimenunua skrini mbili, pesa imekwisha, na hakuna hata moja inayowaka. Zinaandika tu kwamba hazioni kitu. Naona nimepigwa."

Kijana huyu ni mwana wa dadangu, amezaliwa na kukulia Kibokoni. Kazi yake ni hati za forodha. Vipi mtoto wa Kibokoni akafika Nakuru, hilo wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa kwa kirefu. Mnakumbuka mwaka 2019, watu walivyokuwa wakiandamana kila Jumatatu hapa mjini kupinga mizigo kulazimishwa kupanda SGR. Mnakumbuka pia Juni 2020, mizigo ya kwenda Uganda na nchi jirani ilipoelekezwa bohari ya makontena ya Naivasha. Kazi ikapanda bara, na vijana wakaifuata. Mpwa wangu akawa mmoja wao. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Lakini kufikia hapo kijana alikuwa ameshaoa, mke anafanya kazi Nakuru, mtoto ameanza chekechea. Mwajiri wake, ofisi ndogo ya uwakala hapa mjini, akamwambia: kaa huko huko, hati zenyewe siku hizi zinajazwa mtandaoni, mradi usikosee na usichelewe.

Akakosea. Kwenye tamko la forodha kila bidhaa ina namba yake ya ushuru, tarakimu nane kwa hesabu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yeye ana laptopu moja yenye skrini ya inchi 14. Anafungua ankara, anaisoma, anaificha, anafungua mfumo wa iCMS wa KRA, anaandika alichokikumbuka, anarudi kwenye ankara, anaificha tena, anatafuta orodha ya upakiaji. Siku moja akapindua tarakimu mbili. Marekebisho yakachukua siku nne, kontena limekaa, na mwenye kazi yoyote bandarini anajua kwamba siku za bure zikiisha, kila siku inayopita ina bei yake. Mwajiri akamwambia waziwazi kwamba likitokea tena, wateja wake atapewa aliye ofisini.

Ndipo akavunja akiba. Skrini mbili za mitumba, shilingi 5,500 kila moja. Doki, shilingi 9,000. Jumla 20,000, na kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia.

Mimi nilisomea umeme pale Mombasa Polytechnic, kabla haijawa chuo kikuu. Diploma tu, si zaidi. Lakini waya nazijua, na dadangu alishanipigia mara tatu kufikia Jumamosi asubuhi. Nikapanda treni Miritini, Nairobi nikachukua matatu, na magharibi nikaingia Nakuru na mahamri ya mamake mtu kwenye kikapu. Ile baridi, wallahi. Mji uko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari na mimi nimetoka na shati la mikono mifupi.

Tuanze na hilo neno lenyewe. Kwetu sisi ukisema doki, mtu anafikiri Kilindini, na kwa kweli hakosei. Meli ikiwa baharini inajitegemea: ina mafuta yake, maji yake, watu wake. Ikifunga gatini, ndipo winchi zinafika, mabomba ya maji yanaungwa, malori yanakuja. Laptopu nayo ni hivyo. Ukiwa nayo mapajani inajitegemea kwa betri na skrini yake ndogo. Ukiifunga kwenye doki, kwa waya mmoja tu, inapata umeme, skrini kubwa, kibodi, mausi, waya wa intaneti, printa, vyote kwa mpigo. Ukitaka kuondoka, unachomoa waya mmoja unaenda zako. Hiyo ndiyo doki, kisanduku cha ukubwa wa kitabu kinachosimama kama gati.

Zamani kidogo doki zilikuwa za sahani. Laptopu ilipandishwa juu yake, na chini au ubavuni mwake mlikuwa na soketi maalumu ya kampuni hiyo tu. Dell walikuwa na E-Port kwa zile Latitude zao, HP walikuwa na UltraSlim kwa EliteBook, na ThinkPad nao na zao. Nazitaja kwa sababu ziko tele kwenye maduka ya mitumba, bei yake ni ya kuvutia, na mtu ananunua akidhani doki ni doki. Doki ya sahani ya kampuni moja haingii kwenye laptopu ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja toleo la mwaka huu linaweza kukataa sahani ya miaka mitatu nyuma. Ukiiona, uliza ni ya toleo gani, na kama jibu ni "inaingia zote", rudisha mkono mfukoni.

Ya mpwa wangu haikuwa hiyo. Yake ni ya kisasa, ya USB-C, lile tundu dogo la mviringo linalofanana na la simu. Na hapa ndipo penye mtego unaowanasa watu wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

USB-C ni umbo la tundu. Haikuambii tundu lina nini ndani. Ni kama mlango wa mbao wa Mji wa Kale: nje ni ule ule wenye misumari na nakshi, ndani unaweza kukuta jumba au ghala la mkaa. Tundu moja la USB-C linaweza kupitisha data peke yake. Jingine linapitisha data na umeme wa kuchaji. La tatu linapitisha data, umeme na picha. La nne ni Thunderbolt, ambalo linapitisha vyote hivyo kwa kasi kubwa zaidi. Yote manne ukiyatazama ni sawasawa. Doki ya kawaida ya USB-C haitengenezi picha. Kazi yake ni kuipokea picha kutoka kwa laptopu na kuigawa. Kama tundu la laptopu halitoi picha, doki haina cha kugawa, na skrini zitakaa zikisema hazioni kitu hadi Kiyama.

Utajuaje tundu lako ni la aina gani? Kwanza tazama alama kando yake. Ukiona kijimshale cha radi, mara nyingi ni Thunderbolt, na hapo uko salama. Ukiona herufi D yenye P ndani yake, hiyo ni alama ya DisplayPort, maana yake picha inatoka. Ukiona tu ule uma wa USB wenye meno matatu, au hakuna alama yoyote, usiamini kitu. Watengenezaji wengine hawaandiki chochote hata kama picha inatoka. Basi chukua jina kamili la laptopu, lile lililobandikwa chini yake, ulitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, na usome maelezo ya matundu. Ukikuta neno DisplayPort kwenye mstari wa USB-C, umepona. Ukikuta data peke yake, umeshajua. Na kama hujiamini kusoma, nenda dukani na laptopu yako, omba kijiadapta cha kawaida cha USB-C kwenda HDMI, kichomekwe mbele yako kwenye skrini yoyote. Dakika mbili tu.

Mpwa wangu hakufanya hata moja. Wala muuzaji hakumuuliza laptopu yake ni ipi.

Tulipoketi mezani baada ya Isha, jambo la kwanza nililoliona ni waya. Doki aliinunua ya mitumba, nayo ilikuja bila waya wake, kwa hiyo akatumia waya wa kuchajia simu. "Si zote ni USB-C, mjomba?" Ni USB-C, mwanangu, lakini waya nao una mambo yake. Nyaya nyingi zinazokuja na simu zimewekewa nyuzi za kuchaji na zile za data ya polepole tu, na nyuzi za kasi ambazo ndizo picha hupitia hazimo kabisa. Simu haizihitaji, basi mtengenezaji ameokoa shaba yake. Ukichomeka waya kama huo kwenye doki, mausi itafanya kazi, kibodi itafanya kazi, na utadhani doki inasoma, lakini picha haitakuja kamwe. Dalili yake ndiyo hiyo: vitu vidogo vinafanya kazi, skrini zimekufa.

Asubuhi yake tukaenda Kenyatta Avenue tukanunua waya wa haki, mfupi, mnene, umeandikwa kasi yake kwenye kichwa. Shilingi 1,500. Ufupi si ubahili, kwa kasi kubwa waya mrefu wa bei rahisi huanza kupoteza mawimbi. Na kama unataka doki ikuchajie laptopu pia, tazama uwezo wa umeme: waya wa kawaida wa USB-C hubeba hadi wati 60, wa ampea 5 hubeba 100. Laptopu nyingi za ofisi huja na chaja ya wati 45 au 65, kwa hiyo waya wa kawaida mara nyingi unatosha, lakini zile kubwa za kuhariri video zitakuwa zinakula betri huku zimechomekwa.

Tukarudi, tukachomeka. Bado giza.

Hapo nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo, na nakiri kwamba waya ule ulinipa kiburi nikadhani nimemaliza kazi. Jirani yake wa ghorofa ya chini, mwalimu mmoja, ana ThinkPad T480. Hiyo naijua: ina matundu mawili ya USB-C yanayotoa picha, moja lao ni Thunderbolt 3. Tukaiomba, tukachomeka doki ile ile, waya ule ule, skrini zile zile. Zikawaka zote mbili mara moja. Kijana akanyamaza. Doki ni nzima, skrini ni nzima, waya ni mzima. Mwenye kasoro ni laptopu yake, tundu lake ni la data tu. Hakupigwa na mtu, alinunua kitu kizuri kisichomfaa. Pesa iliyopotea ni ile ile, lakini ukienda kwa muuzaji kugombana ni vizuri ujue unagombania nini.

Hii ndiyo njia ya kutafuta kasoro, na haihitaji diploma. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: waya kwanza kwa sababu ni rahisi, halafu skrini, halafu laptopu ya kuazima. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na ikawaka, hujajua ni kipi kilichokuwa kibovu.

Sasa kabla sijasema tulitokaje, kuna jambo la kasi ambalo watu wengi hulikuta baada ya picha kuja. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Picha inachorwa upya mara 60 kila sekunde. Zidisha mwenyewe, ni nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde zinazopita kwenye waya, kwa skrini moja. Kwa hesabu ya data, skrini hiyo inataka karibu gigabiti 3 na nusu kwa sekunde. Skrini ya 4K ina nukta mara nne ya hizo, kwa hiyo inataka mara nne ya njia.

Njia yenyewe ikoje? Fikiria daraja la Nyali asubuhi. Ndani ya USB-C mna njia nne za kasi. Zote nne zinaweza kupewa picha, au mbili zikapewa picha na mbili zikaachiwa data ya flashi na intaneti, kama vile asubuhi njia za kuingia mjini zinavyoongezwa na wanaotoka wakabanwa. Doki nyingi hufanya huo mgao wa nusu kwa nusu. Kwenye laptopu zenye DisplayPort ya toleo la 1.2, njia zote nne hubeba gigabiti 17 na kitu kwa sekunde, basi nusu yake ni 8 na kitu. Skrini mbili za kawaida zinaingia humo bila shida. Skrini moja ya 4K haiingii kwa mara 60, itashushwa hadi mara 30 kwa sekunde, na utaona mausi inaburuta mkia kama boti lenye injini moja. Watu wanarudisha skrini dukani wakidhani ni mbovu, kumbe ni daraja limejaa. Kwa kazi ya hati, ushauri wangu ni skrini mbili za kawaida za inchi 22 au 24 za mitumba, na 4K waachiwe wenye kazi ya picha.

Jambo jingine: ipo tofauti kati ya kurudia picha na kuipanua. Mpwa wangu, kabla ya kuniita, alishauriwa na mtu anunue kigawanyio cha HDMI, kile cha shilingi mia kadhaa, kitokacho tundu moja kuingia skrini mbili. Kigawanyio kile kinafaa msikitini siku ya mhadhara, ukitaka wanaume na wanawake waone picha moja katika vyumba viwili. Kwa kazi ya ankara huku na tamko kule hakifai kitu, kwa sababu kwa laptopu hiyo ni skrini moja tu. Skrini zote mbili zitaonyesha kitu kile kile. Doki ndiyo inayoziambia laptopu kwamba hapa kuna skrini mbili tofauti.

Na wenye MacBook wasikilize. Mfumo wa Mac haukubali ile njia ambayo doki nyingi za USB-C hutumia kugawa picha mbili tofauti kutoka waya mmoja. Utachomeka doki iliyofanya kazi vizuri kwenye Windows, na kwenye Mac skrini zote mbili zitaonyesha picha moja. Isitoshe, MacBook Air za M1 na M2 zilitengenezwa kwa skrini moja tu ya nje. Ya M3 inakubali mbili ukiifunga kifuniko, na ya M4 ndiyo inayokubali mbili huku kifuniko kikiwa wazi. Nimeona vijana wa hapa Mombasa wakinunua M1 kwa pesa nyingi kwa sababu ya jina, halafu wanashangaa.

Basi tufanyeje na laptopu isiyotoa picha kwenye USB-C? Ipo njia, na inaitwa DisplayLink. Hii ni chipu inayokaa ndani ya doki au ndani ya adapta. Badala ya kungoja tundu la picha, programu yake ndani ya laptopu inachukua picha, inaifinya, inaipitisha kama data ya kawaida kwenye USB, hata ile USB ya zamani ya mstatili, na chipu upande wa pili inaifungua na kuitoa kwenye HDMI. Ni kama kusafirisha kabati lililofunguliwa vipande: linaingia kwenye gari dogo, lakini lazima awepo fundi pande zote mbili. Fundi wa upande wa laptopu ni programu, nayo lazima uipakue na kuiweka. Usipoiweka, hupati kitu. Na kwa kuwa kazi ya kufinya inafanywa na laptopu, laptopu dhaifu itapata joto kidogo, na video nzito zinaweza kukatika. Filamu za kulipia nazo wakati mwingine hukataa kuonekana kwenye skrini hizo. Kwa ankara na majedwali, hutaona tofauti yoyote. Inafanya kazi kwenye Mac pia, hata hizo M1.

Laptopu ya mpwa wangu ilikuwa na tundu la HDMI ubavuni ambalo halijawahi kutumiwa. Hesabu ikawa rahisi: skrini ya kwanza iende moja kwa moja kwenye HDMI, ya pili ipite kwenye adapta ya DisplayLink iliyochomekwa kwenye USB ya kasi, ile ambayo mara nyingi ndani yake ni buluu. Hatuhitaji doki kabisa.

Tukaenda kwa muuzaji. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa ubishi, lakini yule bwana alisikiliza. Nilimwambia doki yako ni nzima, tumeijaribu, haimfai huyu tu. Akaikubali doki irudi, akatoa adapta ya DisplayLink, akarudisha na shilingi 1,500 juu, ambazo ndizo tulizotoa kwenye waya. Kosa lake lilikuwa moja, la kutouliza, na ni kosa la maduka mengi, ya huko na ya hapa Digo Road. Anayekuuzia kiatu anakuuliza namba ya mguu. Anayekuuzia doki ya elfu tisa hakuulizi laptopu yako ni ipi. Mimi naona si haki, na wateja nao tumezoea kulipa kwanza na kujaribu nyumbani. Beba laptopu yako. Kama duka halikuruhusu kuchomeka, lipo duka la pili mlango wa tatu.

Kuna kosa moja zaidi nusura tulifanye pale pale. Skrini ya pili ilikuwa na tundu la DisplayPort na VGA, haina HDMI. Kijana wa duka akatuletea waya wenye kichwa cha DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili, akasema huu hapa. Waya huo wa bei rahisi ni wa njia moja: unatoka DisplayPort ya kompyuta kuingia HDMI ya skrini. Kinyume chake haufanyi kazi, na sisi tulitaka kinyume. Tukachukua kijiadapta cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani, shilingi 600, na picha ikatoka safi ya kutosha kwa maandishi. Kabla ya kununua skrini ya mitumba, igeuze nyuma uhesabu matundu yake.

Nyumbani kazi iliyobaki ni ya Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua la tatu, lile la kupanua. Halafu ingia kwenye mipangilio ya skrini, utaona vijisanduku vyenye namba 1, 2 na 3. Vivute uvipange kama skrini zilivyo mezani, la sivyo utapeleka mausi kulia ikatokea kushoto. Ukitaka kurusha dirisha kutoka skrini moja hadi nyingine, shika Windows na Shift, ubonyeze mshale wa kushoto au kulia. Mpwa wangu ameweka ankara kushoto, iCMS katikati mbele ya macho, na ile skrini ndogo ya laptopu imebaki na barua pepe na WhatsApp ya ofisi. Skrini unayoitazama zaidi iweke mbele yako, juu yake isawazishe na macho. Tuliinyanyua kwa vitabu vya shule vya mkewe.

Na umeme. Jioni ile mvua ilinyesha na stima ikaenda mara mbili, ikarudi kwa kishindo. Laptopu ina betri, haina wasiwasi. Skrini hazina. Skrini ya LED ya inchi 22 haili zaidi ya wati 20 au 25 hivi, kwa hiyo UPS ndogo kabisa ya ofisi inaweza kuzibeba mbili pamoja na kisanduku cha intaneti kwa muda wa kutosha kumaliza tamko na kulituma. UPS hiyo hatukuinunua, pesa haikuwapo. Tulinunua kizuizi cha umeme wa ghafla, na nimemwambia mshahara ujao usipite bila UPS.

Nilirudi Mombasa Jumatatu. Jumanne saa nne asubuhi akanitumia picha ya meza yake: ankara kushoto, tamko katikati, kontena la vigae la mteja wa Changamwe, tarakimu nane kandokando ya tarakimu nane. Chini yake akaandika kwamba mamake anauliza kikapu cha mahamri kimebaki wapi. Kimebaki Nakuru.